Simbi ya Sifuri

Sifuri ilifika Ntusi Jumatano, baada ya uji,
mfukoni mwa sketi ya Mwalimu Kenyangi,
pamoja na maharagwe manne
na vijiti vitatu vya kuwashia moto.

Haragwe ni moja, alisema. Kijiti ni tano.
Nani atanipa kumi na tisa?

Barugahare, ambaye hesabu ilimpiga chenga tangu darasa la pili,
akalaza vijiti vyote vitatu, akapandisha maharagwe juu yake,
akasimama kando kama mtu aliyejenga nyumba.

Na ishirini?

Hapo nyumba ikakwama.

Ndipo akatuambia habari za Wamaya:
watu wa msituni, ng'ambo ya bahari ambayo hatujaiona,
waliopandisha ngazi za mawe hadi shingoni mwa mbingu
bila chuma, bila mkokoteni, bila ng'ombe.
Bila ng'ombe! Tukacheka mpaka dirisha likatikisika.
Watu gani hao, na maziwa walikunywa wapi?
Lakini waliijua Zuhura, akasema,
siku za safari yake mia tano themanini na nne,
alfajiri, kisha jioni, kisha alfajiri tena,
kama mchungaji amjuavyo ndama mtoro.

Na pale pasipo na kitu waliweka gamba.
"Nani nyumbani kwao kuna gamba?"

Nikakimbia kwa Bibi Kemirembe.

Alikuwa nazo saba, zimeshonwa kwenye ngozi ya ukunga wake.
Simbi? Ya kuandikia hakuna?
"Kwa hizi wazee walinunua mbuzi, wakalipa mahari.
Kamwambie mwalimu wako,
hao watu wake walikuwa matajiri kupita kiasi
au wajinga."
Ila akaikata moja, kwa meno.

Haragwe moja orofa ya juu,
simbi orofa ya chini:
ishirini.
Barugahare alipiga mluzi.

"Mwambie bibi yako," Mwalimu akanishika bega,
"si hakuna. Ni pametimia."

Nilimwambia. Alikuwa akichambua mboga, hakujibu.
Nikaongeza, ili nionekane nimesoma,
kwamba walikuwa na kalenda ya siku mia mbili sitini,
na wapo wasemao ni siku za mimba,
tangu mwezi unapokosa kurudi.
Kisu kikasimama.
"Nani kawaambia?"
Akaangalia mlangoni, kama siri imetorokea hapo.
Kisha akashusha darini kamba za katani,
kamba kwa kila mama wa kilima hiki,
fundo kwa kila siku.
Tulihesabu hadi taa ikaisha mafuta.
Mia mbili hamsini na nane. Mia mbili sitini na moja.
Hii hapa, akasema, ni wewe.

Vitabu vya Wamaya vilichomwa uwanjani,
na aliyewasha moto alikuwa mtu wa sala.
Vimesalia vinne, hata si vizima.
Huku kwetu hakuja mtu na kiberiti.
Bibi alizikwa Ijumaa;
Jumapili shangazi alikuwa amefungia ndama
kwa kamba yangu.
Sikumlaumu. Ilikuwa kamba imara.

Yale matuta ya Ntusi, la kiume na la kike,
yamejaa mifupa ya ng'ombe na vigae.
Watu walikula vizuri, hilo tunalijua.
Walihesabu nini, kwa nini,
nani atatuambia?

Mwaka huu nilipanga dirishani kwangu,
mke wangu akinicheka kutoka kitandani:
siku kwa haragwe, tano kwa kijiti,
kila ishirini simbi ya Bibi ikirudi chini
na orofa ya juu ikinenepa.
Siku ya mia mbili sitini,
vijiti viwili, maharagwe matatu,
na chini yake simbi, mdomo wazi.
Imetimia, nikasema.

Mtoto hakuja.

Kesho yake nikaondoa simbi, nikaweka haragwe.
Kesho yake la pili.
Usiku ule nilikaa nje ya mlango wa zahanati
nimeifumbata kiganjani, haina pa kukaa,
mpaka ndani mtu akalia.